Kabla Hujaisambaza Riwaya ya Masanamu Kuvunjwa

Kila Ramadhani inapovuka nusu, simu za Waislamu kuanzia Kendu Bay hadi Isebania hujaa habari za kufunguliwa kwa Makka. Kuna sauti za darasa, kuna picha zenye maandishi ya dhahabu, kuna video za watu waliokasirika bila sababu ya maana. Humo utamkuta Mtume (SAW) akiyasukuma masanamu 360 kwa fimbo, Khalid bin al-Walid akimkata kwa upanga shetani wa kike, na Ali akipanda mabegani mwa Mtume ili aing'oe sanamu ya shaba juu ya Al-Kaaba. Zote zimepangwa safu moja kana kwamba zina uzito mmoja. Hazina. Ya kwanza imo katika Bukhari na Muslim. Ya pili wanazuoni wanavutana. Ya tatu, Imam al-Dhahabi aliitazama akakunja uso.

Kwa mtu wa Homa Bay au Migori jambo hili si la msikitini tu. Waislamu huku ni wachache, na jirani wa Kisabato, Mkatoliki au wa Legio Maria atakuuliza sokoni, mbele ya watu: "Ni kweli Mtume wenu alifanya hivi?" Jibu zuri linaanza kwa kujua riwaya ipi imesimama kwa miguu yake na ipi imebebwa.

1. Tenganisha tukio na nakshi zake

Kwamba Makka ilifunguliwa mwezi wa Ramadhani mwaka wa 8 Hijria, yaani Januari 630, na kwamba masanamu yaliyokuwa kandokando ya Al-Kaaba yaliondolewa, ni jambo lililopokewa kwa njia nyingi mno kutoka kwa watu tofauti. Hilo usilitilie shaka kwa sababu tu video moja imetia chumvi. Ugomvi uko kwenye nakshi: nani alishika nini, sanamu gani ilianguka vipi, nani alipiga kelele, jini gani alitoka wapi. Watu wawili wanaobishana juu ya masanamu ya Makka mara nyingi hawabishani juu ya kitu kimoja. Mmoja anatetea tukio, mwenzake anashambulia nakshi.

2. Uliza: nani kakuambia?

Mama anayenunua samaki gatini Homa Bay hatazami magamba yanavyong'aa. Hufunua mashavu akaona kama bado ni mekundu. Sanadi ndiyo mashavu ya riwaya. Ni orodha ya waliopokezana habari, kutoka kwa mwandishi wa kitabu hadi kwa aliyeona.

Chukua riwaya ya masanamu 360. Bukhari anaileta kupitia kwa Sufyan bin Uyayna, kutoka kwa Ibn Abi Najih, kutoka kwa Mujahid, kutoka kwa Abu Ma'mar, kutoka kwa Abdullah bin Mas'ud, Sahaba mkubwa. Kila jina hapo lina faili lake katika vitabu vya wapokezi: alizaliwa wapi, alisoma kwa nani, kumbukumbu yake ilikuwaje uzeeni, aliwahi kukutana na yule anayedai kumsikia au la. Waislamu wa karne za mwanzo walikusanya taarifa za maelfu ya watu kwa ajili ya kazi hii, na huwezi kuelewa ukali wao mpaka uone jinsi walivyowaangusha hata wacha Mungu waliokuwa na kumbukumbu mbovu. Methali yetu inasema lisemwalo lipo. Wanazuoni wa hadithi hawakuikubali.

Ikiwa ujumbe uliotumiwa hauna jina la kitabu wala la Sahaba, usihangaike nao. Mrudishie aliyetuma umuulize kaupata wapi. Wengi hunyamaza hapo.

3. Weka matini bega kwa bega

Hiki ndicho kidokezo ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu hakihitaji shahada. Kinahitaji subira na meza.

Katika riwaya ya Ibn Mas'ud, Mtume ana fimbo mkononi, anayasukuma masanamu kwa ncha yake huku akisoma aya ya 81 ya Sura ya 17, kwamba haki imekuja na batili imetoweka. Katika Sahihi Muslim, Abu Huraira anasimulia kisa kirefu cha siku hiyo. Humo Mtume ameshika upinde, anapita kwenye sanamu moja kando ya Nyumba, anaidunga jichoni kwa ncha ya upinde, aya ni ileile. Fimbo au upinde? Mtu mwenye haraka atasema zinapingana. Lakini wawili walioona jambo moja katika umati wa maelfu hawawezi kushika kila kitu sawasawa, na tofauti ya namna hii ni dalili kwamba hawakukaa chini wakapatana la kusema. Uti wa habari ni mmoja: chombo cha mkononi, kusukuma, aya.

Sasa fungua Sira ya Ibn Hisham. Humo, katika riwaya inayonasibishwa kwa Ibn Abbas, masanamu yamefungwa kwa madini ya risasi. Mtume haigusi hata moja. Anaielekezea fimbo tu na sanamu inaanguka chali, akielekeza mgongoni inaanguka kifudifudi. Habari imekua. Kusukuma kumegeuka kuwa kuashiria, na sanamu iliyosimama tu imepigiliwa risasi ili muujiza uwe mkubwa zaidi. Simkatai Mungu uwezo wa kuangusha risasi. Nasema tu kwamba ukiwa na matoleo matatu, na moja limezidi mengine mawili kwa maajabu na limepungukiwa kwa nguvu ya sanadi, unajua lipi la kushika kwanza.

4. Kitabu mashuhuri si muhuri

Wengi wakisikia "imo katika kitabu cha kale cha Kiarabu" hunyoosha mikono. Kitabu kinachotajwa sana kwenye mada hii ni *Kitab al-Asnam*, Kitabu cha Masanamu, cha Hisham bin al-Kalbi wa Kufa, aliyefariki mwaka 204 au 206 Hijria. Kilichapishwa Kairo mwaka 1914 na Ahmad Zaki Pasha, na tangu hapo kila anayeandika juu ya masanamu ya Lat, Uzza na Manat hukichota. Ni kitabu kitamu. Kinaeleza kila kabila lilikuwa na nini, wapi, na nani alikivunja. Lakini al-Daraqutni alimweka Ibn al-Kalbi katika fungu la walioachwa, na Ahmad bin Hanbal alimwona mtu wa nasaba na masimulizi ya usiku, si mtu wa kuchukuliwa hadithi.

Al-Waqidi wa Madina, aliyefariki mwaka 207 Hijria, ndiye anayetupa tarehe, idadi ya wapanda farasi na majina ya makamanda waliotumwa kuvunja masanamu. Mabingwa wa hadithi walimwacha naye, ingawa wanahistoria wanamrudia kila siku kwa sababu hakuna mwingine mwenye ramani kama yake. Ibn Ishaq, aliyefariki mwaka 150, ana hadhi ya juu zaidi, ila naye ana desturi moja ya kuangaliwa: akisema "amenisimulia fulani" anaaminika, akisema "kutoka kwa fulani" huenda kuna mtu kati yao aliyemruka.

Kwa hiyo ukisoma "Ibn al-Kalbi anasema", soma kama unavyosoma gazeti la habari za mjini: kwa faida, si kwa kiapo.

5. Hesabu miaka, kisha jaribu nyumbani

Kutoka kufunguliwa kwa Makka hadi kifo cha Ibn al-Kalbi ni takriban miaka 190. Watu husema namba hiyo bila kuihisi. Ihisi kwa mfano wa hapa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika Nyanza Kusini ya wakati huo, ambayo leo imegawanyika Homa Bay na Migori, Gaudencia Aoko, mwanamke kijana, aliongoza kampeni kali dhidi ya uchawi na hirizi. Yeye na Simeo Ondeto ndio majina makubwa ya mwanzo wa Legio Maria, kanisa lililojitenga na Wakatoliki na ambalo makao yake makuu yako Got Kwer, Migori. Ondeto alifariki mwaka 1991. Si habari za kale hizi. Wako wazee waliokuwepo.

Nenda kwa wazee watatu wasiokaa boma moja, ukawasalimie vizuri, ukawaulize hirizi zilikusanywaje, nani alizichoma, na nini kilitokea zilipochomwa. Andika kila jibu bila kusahihisha. Kisha linganisha. Utaona ni sehemu gani ya habari imebaki ngumu kama jiwe katika vinywa vyote vitatu, na ni sehemu gani imeota mbawa ndani ya miaka 60 tu. Muulize kila mmoja pia kama aliona kwa macho au alisikia kwa mama yake. Bethwell Ogot alipoandika historia ya Wajaluo wa kusini, kitabu kilichotoka mwaka 1967, alitegemea mno masimulizi ya wazee, na kazi yake kubwa ilikuwa hiyohiyo ya kulinganisha ukoo na ukoo. Elimu ya sanadi na elimu ya masimulizi si ndugu wa tumbo moja, lakini wangekutana wangeelewana.

Ukirudi kwenye vitabu, tazama Manat, sanamu ya Aws na Khazraj. Ni nani aliivunja? Ibn Hisham anamtaja Abu Sufyan, kisha anasema wengine wanasema ni Ali. Ibn Sa'd anamtaja Sa'd bin Zaid al-Ashhali akiwa na wapanda farasi 20. Ibn al-Kalbi anasema Ali, na anaongeza panga mbili zilizokutwa hapo. Majina matatu kwa sanamu moja. Kwamba ilivunjwa, sawa. Kwamba ilivunjwa na huyu, weka kalamu chini.

6. Aliyekuwa ndani humshinda aliyekuwa nje

Siku ya kufunguliwa kwa Makka Mtume aliingia ndani ya Al-Kaaba. Je, aliswali humo? Ibn Abbas anasema hakuswali, alileta takbira pembeni tu. Ibn Umar anasema aliswali, na alimsikia Bilal akimwambia ni baina ya nguzo zipi. Riwaya zote mbili ziko katika vitabu sahihi kabisa.

Wanazuoni walilitatua hivi: Bilal aliingia na Mtume na mlango ukafungwa. Ibn Abbas hakuwemo, alipokea kwa mwingine. Anayethibitisha ana elimu ya ziada kuliko anayekanusha, maana aliyekanusha huenda hakuona tu. Umeona uzuri wake? Hawakumwita Ibn Abbas mwongo. Waliuliza alikuwa amesimama wapi.

7. Sanadi safi, matini yenye walakini

Riwaya ya Ali kupanda mabegani imo katika Musnad ya Ahmad na kwa al-Hakim, ambaye aliiona sahihi. Ali anasimulia kwamba walikwenda yeye na Mtume hadi Al-Kaaba. Mtume akapanda begani kwake, akamwona amelemewa, akashuka, akamwambia apande yeye. Ali akapanda, akahisi angetaka angeshika upeo wa mbingu. Juu palikuwa na sanamu ya shaba. Akaitikisa kulia na kushoto, akaitupa, ikavunjika kama chupa. Kisha wakatoka mbio, wakajificha nyuma ya nyumba wasije wakakutana na mtu.

Al-Dhahabi alipofika hapo alisema sanadi ni safi lakini matini ni ya kukanushwa. Msomaji wa kawaida anaweza kuona baadhi ya sababu mwenyewe: shaba haivunjiki kama chupa, na ikiwa walikimbia kwa kuogopa kuonwa, basi hii si siku ya kufunguliwa kwa Makka, siku ambayo Mtume aliingia mchana na jeshi. Anayekutumia riwaya hii akiipachika kwenye siku ya ushindi ameunganisha vipande viwili visivyo vya nguo moja. Wapo wanaoitetea, na Mashia wanaipenda sana kwa sababu ya daraja la Ali. Lakini kumtukuza Ali hakuhitaji shaba ya kioo.

8. Jihadhari na riwaya unayoipenda

Al-Azraqi, mwanahistoria wa Makka wa karne ya 3 Hijria, ana habari kwamba picha zilipokuwa zikifutwa ndani ya Al-Kaaba, Mtume aliweka mikono juu ya picha ya Isa na mama yake, akaamuru zifutwe zote isipokuwa hiyo. Katika mji kama Kendu Bay, ambako adhana na nyimbo za Wasabato wa Gendia hukutana juu ya maji yaleyale, riwaya hii ni tamu kama asali. Naelewa kwa nini vijana wa mijadala ya dini mbalimbali wanaipenda.

Lakini pima kama ulivyopima nyingine. Bukhari ana riwaya ya Ibn Abbas kwamba Mtume alikataa kuingia mpaka vilivyomo vitolewe, na zikatolewa picha za Ibrahim na Ismail wakiwa na mishale ya kupigia ramli, akasema watu hawa wanajua fika kwamba wawili hao hawakupiga ramli kamwe. Katika njia nyingine ya Bukhari inatajwa pia picha ya Maryam, kwa hiyo kwamba picha hiyo ilikuwepo si jambo la ajabu. Ila kulindwa kwa mikono ya Mtume hakupo humo. Na Jabir, kwa Abu Dawud, anasema Umar aliagizwa afute kila picha. Ugumu unakuja pale al-Azraqi anapomnukuu Ata bin Abi Rabah, mwanachuoni wa Makka aliyezaliwa baada ya Mtume, akisema aliiona picha ya Maryam na Isa ndani ya Al-Kaaba kabla ya moto wa zama za Ibn al-Zubair, mwaka 64 Hijria. Hiyo si rahisi kuitupa. Mimi naona riwaya ya mikono haibebi uzito inaobebeshwa. Swali la picha yenyewe liache wazi.

Kipimo ni hiki: je, ungeikagua riwaya hiyo kwa ukali uleule kama ingekuwa inakuudhi?

9. Kumbuka ni nani aliyebaki kusimulia

Mwaka 1913 Onyango Dunde, mtu wa Alego, alisema nyoka mkubwa wa Ziwa, Mumbo, alimmeza akamtema, akampa ujumbe kwamba Wazungu wataondoka. Imani hiyo ilishuka Nyanza Kusini na Gusii, na serikali ya kikoloni ikawapeleka baadhi ya viongozi wake uhamishoni Lamu. Sehemu kubwa ya kilichoandikwa wakati ule juu ya Mumbo iliandikwa na maafisa na wamishonari waliotaka imani hiyo ife. Unakisoma, lakini unajua kalamu imeshikwa na nani.

Masanamu ya Uarabuni yako hivyohivyo. Hakuna kuhani wa al-Lat aliyetuachia kitabu. Yote tunayoyasoma yaliandikwa na waliomshinda au wajukuu wa waliosilimu. Mwaka 1999 mwanahistoria Gerald Hawting alikwenda mbali zaidi akadai kwamba washirikina wa Qurani huenda walikuwa watu wa imani ya Mungu mmoja waliokuwa wakisutwa tu, na kwamba habari za masanamu zilijazwa baadaye na wakusanyaji. Hoja yake inasisimua, ila mimi sioni kama inafika mwisho wa safari. Qurani yenyewe, Sura ya 53, inawataja Lat, Uzza na Manat kwa majina, na maandishi ya Wanabati yaliyochongwa kwenye mawe karne kadhaa kabla ya Uislamu yanawataja pia. Makaburi ya Hegra, kaskazini mwa Saudia, yana jina la Manat katika laana dhidi ya atakayeyavunja. Mchonga mawe huyo hakuwa na haja ya kumpendeza Ibn al-Kalbi.

Jiwe ni shahidi mzuri kwa sababu hajui mjadala wenu. Lakini jiwe linathibitisha kuwa Manat aliabudiwa. Halisemi nani alimvunja.

10. Utenzi usiufanye sanadi

Huku kwetu bara tumezipokea hadithi nyingi za vita vya Mtume kupitia kwa watu wa pwani, na pwani ilizihifadhi kwa utenzi. *Utenzi wa Rasi 'lGhuli* wa Mgeni bin Faqihi unasimulia vita dhidi ya mfalme mwabudu sanamu wa Yemen. Mfalme huyo hayumo katika vitabu vya hadithi. Anatoka katika masimulizi ya kubuni ya Kiarabu juu ya vita vya Mtume. *Utendi wa Tambuka*, wa mwaka 1728, umejaa damu na farasi, ilhali safari ya Tabuk inayosimuliwa humo, ya mwaka 9 Hijria, haikuwa na vita na Warumi hata kidogo: jeshi lilikwenda, likakaa, likarudi.

Sisemi msizisome. Someni, zisomwe kwa sauti, zina Kiswahili cha kula na kusaza. Ila babu akikuambia "nimeisikia tangu utotoni", mwambie kwa adabu, babu, uliisikia katika utenzi.

11. Shoka la Ibrahim

Kifupi tu. Qurani, Sura ya 21, inasema Ibrahim aliyavunja masanamu vipandevipande ila kubwa lao. Haina shoka. Shoka lililotundikwa shingoni mwa sanamu kubwa linatoka kwa wafasiri. Na jirani Msabato, ambaye kanisa lake liko Gendia tangu mwaka 1906, atakuambia kisa chenyewe hakimo katika Mwanzo, na atakuwa na haki. Kimo, kwa sura yake, katika masimulizi ya Mayahudi, *Mwanzo Raba*, ambamo sanamu kubwa inapewa rungu mkononi. Shoka libaki kwenye kuni.

12. Riwaya kuwa sahihi si kibali cha kubeba nyundo

Hapa ndipo watu wanapoumizana. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Ali alimwambia Abu al-Hayyaj al-Asadi kwamba anamtuma kwa kazi ambayo yeye mwenyewe alitumwa na Mtume: asiache sanamu ila ameifuta, wala kaburi lililoinuliwa ila amelisawazisha. Sanadi imekubaliwa. Sasa kijana wa Mbita anaisoma, anatazama ng'ambo kwenye kisiwa cha Mfangano, ambako mapango ya Mawanga na Kwitone yana michoro ya duara iliyochorwa na watu wa zamani na ambayo kwa vizazi ilihusishwa na mvua, na anajiuliza kama ana wajibu.

Hana. Kuisahihisha riwaya ni kazi moja. Kujua ilimhusu nani, lini, kwa mamlaka ya nani, ni kazi nyingine ya watu wengine. Masahaba walioteka Misri waliacha sanamu za Mafarao zimesimama, na aliyewaongoza ni Amr bin al-As, yuleyule ambaye vitabu vya vita vinasema alitumwa kuivunja sanamu ya Suwaa. Mwaka 2001, Taliban walipotangaza kuwalipua Mabudha wa Bamiyan, Sheikh Yusuf al-Qaradawi na Mufti wa Misri walisafiri hadi Kandahar kuwashawishi waache. Hawakukataa hadithi yoyote. Walisema hadithi haikuhusu hilo.

Na kwa Kenya, michoro ya Mfangano na kuta za mawe za Thimlich Ohinga, ambazo UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018, zinalindwa na sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi. Thimlich hakuna anayepaabudu hata hivyo. Ni maboma ya watu waliojilinda wao na ng'ombe wao.

13. Chagua kitenzi chako

Wanazuoni walikuwa na adabu ambayo ingepunguza nusu ya makosa ya simuni. Riwaya ikiwa sahihi, walisema "Mtume amesema" au "Mtume alifanya". Ikiwa na walakini, walisema "imepokewa", "inasimuliwa", "inasemwa". Kitenzi tu, na msikilizaji wa zama hizo alielewa.

Ijaribu kwa kisa cha Uzza. Khalid alitumwa Nakhla, akaikata miti mitatu ambamo Uzza alikuwa, akarudi. Mtume akamwambia hajafanya kitu, akarudishwa. Safari ya pili akatokewa na mwanamke aliye uchi, nywele zimetawanyika, akijimwagia mchanga kichwani. Akamkata. Al-Nasai anayo, kupitia kwa al-Walid bin Jumai', kutoka kwa Abu al-Tufail. Abu al-Tufail alikuwa mtoto mdogo siku hizo, hivyo aliisikia kwa mtu mwingine ambaye hakumtaja. Al-Walid wapo waliomwamini na wapo waliomtilia shaka. Wako wanazuoni waliopitisha riwaya hii, wako waliosita.

Kwa hiyo ukiombwa darasa baada ya futari, Migori mjini au Rodi Kopany, unaweza kusema: "Mtume aliyaondoa masanamu yaliyokuwa pembeni ya Al-Kaaba." Kisha: "Jarir bin Abdullah aliibomoa na kuichoma Dhul-Khalasa, nyumba ya masanamu, akiwa na wapanda farasi 150 wa Ahmas", maana hiyo ni ya Bukhari. Na ukifika kwa mwanamke wa Nakhla: "Imepokewa kwamba Khalid..." Mtoto wa mbele atainua mkono kuuliza kama ni kweli. Mwambie jina la Abu al-Tufail, na umri wake.